Zaburi Tano kwa Siku, Bila Kuruka

Bwana asifiwe, wapendwa katika Kristo, ninyi mlio hapa Goma na ninyi mliotawanyika Bukavu, Gisenyi na kwingineko.

Wiki hii sitawapa mstari mmoja wa kushika. Nawaomba tuanze kusoma Zaburi zote 150, kila siku, bila kuchagua na bila kuruka.

Njia ni nyepesi. Tazama tarehe ya leo. Kama ni tarehe 13, soma Zaburi ya 13, kisha ongeza 30 kila mara: 43, 73, 103, 133. Zaburi tano, asubuhi kabla ya kazi au jioni mkiwa mmekusanyika, na mwezi ukiisha umekipitia kitabu chote. Zaburi 119 ina mistari 176, kwa hiyo usiibebe tarehe 29 pamoja na nyingine. Iwekee tarehe 31, au soma kila siku fungu moja la mistari minane, maana imepangwa hivyo, mafungu 22. Ndugu wanaotumia misale (vitabu vya Misa) ya Kifaransa wasishangae kuikuta Zaburi 23 ikiwa na namba 22. Ni hesabu ya zamani ya Kigiriki, Zaburi ni ile ile.

Kwa nini zote? Wengi wetu tunaishi kwa Zaburi tatu nne: 23, 91, 121, na 51 tukitaka kutubu. Zaburi 91 imebandikwa kwenye milango mingi ya mitaa yetu, na sisemi ibanduliwe. Imetushika mkono usiku wa milio ya risasi. Lakini tukumbuke ni nani mwingine anayeijua kwa kichwa. Katika Mathayo 4, Ibilisi anamweka Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumsomea Zaburi hiyo hiyo: atakuagizia malaika zake, watakuchukua mikononi mwao. Maneno ni ya Mungu, ila yametolewa peke yake na kugeuzwa mtego. Bwana wetu hakubishana juu ya Zaburi. Alijibu, “Tena imeandikwa.”

Hilo “tena” ndilo tunalolikosa. Tumeona matunda yake hapa mjini. Vita vilipoingia Goma mwezi wa Januari 2025, risasi zilizotoboa mabati hazikuuliza ni nyumba gani inaomba. Walizikwa watu ambao Zaburi 91 ilikuwa mlangoni pao. Halafu wakaja wafariji, wakamwambia mama aliyefiwa kwamba labda imani ilipungua. Ndugu zangu, neno hilo ni ukatili, na anayelisema hajakisoma kitabu hicho hadi mwisho. Angekisoma, angekuta humo humo Zaburi nyingine zinazomruhusu mama yule kulia mbele za Mungu bila kuaibishwa.

Turudi kwenye tarehe 13, muone jinsi Zaburi zenyewe zinavyosaidiana. Ya 13 inaanza, “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?” Mara nne Daudi anauliza hata lini. Swali hilo tunalijua, tunaliuliza kila siku, kwenye foleni ya maji, kwenye milango ya benki zilizofungwa. Ya 43 inageuka na kuisemesha nafsi: kwa nini kuinama? Kisha 73, ambayo ningependa kila kijana wa mji huu aijue. Asafu anakiri kwamba aliwaonea wivu wenye kujivuna. Aliwaona wamenenepa, hawana taabu, maneno yao ya jeuri hayawaletei hasara, akafika mahali pa kusema, “Hakika nimejisafisha moyo wangu bure.” Huyo ni mwimbaji wa hekaluni! Kijana anayemwona mwenzake amechukua njia ya mkato na leo ana gari, huku yeye bado anasukuma chukudu, kile kigari cha mbao, chenye makaa kutoka asubuhi, anayo Zaburi yake. Asafu haponi kwa kuonywa. Anapona anapoingia patakatifu pa Mungu na kuutafakari mwisho wao.

Baada ya uchungu huo inakuja 103, “Ee nafsi yangu, umhimidi BWANA.” Ukiisoma peke yake Jumapili, korali ikiwa imepamba moto, ni tamu. Ukiisoma baada ya 13, 43 na 73, inakuwa ushuhuda wa mtu aliyepita mahali. Na 133 inafunga siku kwa ndugu wanaokaa pamoja kwa umoja. Sikuzipanga mimi. Ni tarehe tu.

Sasa tarehe 28. Hapa ndipo wengi watataka kuruka, nami nawaomba msiruke. Zaburi zake ni 28, 58, 88, 118 na 148.

Ya 88 ni ya Hemani Mwezrahi. Zaburi za kilio karibu zote hugeuka mwishoni, hata ile ya 13 inamaliza kwa “nimwimbie BWANA, kwa kuwa amenitendea kwa ukarimu.” Ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu wangu, kisha inashuka, inashuka, hadi mstari wa 18: “Mpenzi na rafiki umewatenga nami, nao wanijuao wamo gizani.” Basi. Imekwisha.

Katika kikundi chetu cha maombi kuna mama mmoja aliyetoka kambi za waliokimbia vita, upande wa Mugunga. Zamu yake ya kusoma iliangukia Zaburi hiyo. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na alipofika 18 akanyamaza. Kaka mmoja, kwa nia njema kabisa, akamwambia, “Endelea, mama, kuna ahadi mbele.” Mama akatazama ukurasa, akageuza karatasi, akarudi. Akasema, “Hakuna. Inaishia hapa.” Kisha akasema jambo ambalo nawaandikia kama alivyolisema: “Basi na mimi naruhusiwa kuishia hapa leo.” Hakuna aliyeongeza neno. Tuliomba, tukaenda.

Roho Mtakatifu aliiacha Zaburi ile bila mwisho mwema, na watu wa Mungu wakaihifadhi, wakaikabidhi kizazi kwa kizazi. Hakuna mwandishi aliyethubutu kuitia mstari wa faraja. Basi na sisi tusiwatie wenzetu mistari ya faraja kwa haraka. Hemani hajaacha kuomba, angalieni hilo. Analia mchana na usiku, lakini kilio chake kina anuani: “mbele zako.” Mtu anayemlalamikia Mungu bado anazungumza na Mungu.

Na ninyi ambao siku hiyo mtakuwa na furaha, mtoto amefaulu mtihani, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zimepatikana sokoni Kituku, someni hivyo hivyo. Siyo unafiki. Kuna mtu kwenye avenyu yako ambaye 88 ni yake leo na hana nguvu ya kufungua kinywa, unamwazima sauti. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia nacho. Kesho yeye atakusomea wewe 118, “Sitakufa bali nitaishi,” hata kama kwake bado ni usiku. Hiyo 118 ndiyo ya mwisho katika Zaburi za Haleli, 113 hadi 118, ambazo Wayahudi huimba wakati wa Pasaka. Injili inatuambia kwamba Yesu na wanafunzi wake waliimba kabla ya kutoka kwenda mlima wa Mizeituni. Ni vigumu kwangu kuisoma sasa bila kumsikia Yeye akiiimba, akijua yatakayompata usiku ule.

Kuna nyingine ambazo sisi wa Goma tunazisoma tofauti na watu wa mahali pengine. “Aitazama nchi, inatetemeka, aigusa milima, inatoka moshi,” yasema 104. Sisi tunatoka nje na kuuona moshi huo juu ya volkano yetu, Nyiragongo. Mwaka 2002 lava ilikata mji, ikala kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena Jumamosi jioni, mkesha wa Pentekoste, na ardhi ikatikisika siku nyingi baadaye. Kwa hiyo 46 inaposema hatutaogopa “ijapotetemeka milima moyoni mwa bahari,” kwetu siyo ushairi wa mbali.

Ya 58 inaomba Mungu ayavunje meno ya waovu. Nimeulizwa kama Mkristo anaweza kuisoma. Naam, asome. Hasira yetu ipo, tusiifiche kwa Yeye anayeijua. Angalia tu kwamba mwombaji hashiki panga. Anamwachia Mungu kisasi na kubaki mikono mitupu. Napenda vijana wetu waipeleke hasira yao huko, kuliko kuipeleka kwa wale wanaopita wakigawa bunduki.

Tunaanza kesho, kwa tarehe ya kesho, bila kungoja mwezi mpya. Penye Biblia moja nyumbani, mmoja asome kwa sauti na watoto wapokezane. Asiyejua kusoma achague mstari mmoja aliousikia, aurudie hadi jioni. Ukipitwa na siku, usirudi nyuma kulipa deni; shika tarehe uliyo nayo, ile uliyoiacha utaikuta mwezi ujao. Na ukifika kwenye Zaburi ambayo kinywa chako kinakataa kuitamka, mpe aliye karibu nawe aisome, wewe uitikie Amina.