Tulivyochagua mradi wa VVU kwa kuangalia msimu wa mvua

Habarini wapendwa, mimi ni mratibu kwenye shirika dogo huku Bahi, Dodoma, wenzangu wa Chamwino wameniuliza sana tulichaguaje mradi wetu wa VVU, basi naandika hapa.

Mfadhili alikuja na mradi wa mabonanza, mpira, muziki na kupima palepale uwanjani, mjini ulifanya vizuri na mimi mwenyewe niliupenda. Ila nesi mmoja wa CTC, yaani kliniki ya matunzo na dawa za VVU, mama mtu mzima, akaniambia mwanangu wa kupima tunawapata, wanaotuponyoka ni walioshaanza dawa. Nikamwomba tukae na rejista yake, majina akayaficha mimi nikaangalia tarehe na vijiji tu, siku mbili nzima. Jamani! Watu wanaanza kukosa kliniki Desemba, wanaonekana tena Mei. Huku kwetu mvua ni moja tu, Desemba hadi Aprili, mtu kahamia kwenye majaruba ya mpunga au shamba la mtama huko mbali, wengine wako na ng'ombe, hiyo nauli ya bodaboda ya kila mwezi anaitoa wapi?

Na tangu 2016 kila anayekutwa na VVU anaanzishiwa dawa bila kusubiri CD4, yaani chembe za kinga mwilini, ishuke, ni jambo jema sana, ila foleni za CTC nazo zikarefuka.

Basi tukachagua vikundi vya kuchukulia dawa, vinasimamiwa na WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao, na mteja aliyetulia ambaye virusi vimefubaa, yaani dawa zimevipunguza sana kwenye damu, anapewa dawa za miezi mitatu hata sita, mwongozo wa taifa unaruhusu. Kumshawishi mfadhili ndo ilikuwa shughuli, yeye anataka idadi ya waliopimwa. Nikachora miezi kwenye manila, ofisi ya DMO, mganga mkuu wa wilaya, wakasimama na sisi, nikamwambia mtu aliyefubaza virusi hamwambukizi mwenzake kwa ngono kwahiyo hii nayo ni kinga, tena kubwa. Akakubali.

Kosa letu tulianza Januari, watu washaondoka. Halafu wengine walikosa dawa za muda mrefu sababu majibu ya wingi wa virusi hayajarudi, iliniuma sana. Sasa hivi damu tunachukua Septemba, majibu yakirudi mtu anabeba dawa zake kabla hajabeba jembe.