Saa arobaini za kujitolea, nani kaziona?

Msimu wa fomu za National Honor Society umefika tena, na simu yangu haipumui. Mimi ndiye ninayesimamia zamu ya Jumamosi ya kugawa chakula msikitini kwetu hapa Columbus, Ohio, kwa hiyo saini yangu ina wateja.

Kwa mlioko nyumbani: hicho ni chama cha wanafunzi bora wa sekondari Marekani, kilianzishwa 1921 na umoja wa wakuu wa shule za sekondari. Mtoto huanza kufikiriwa akiwa darasa la 10, wastani wake wa alama usiwe chini ya 3.0 kati ya 4.0, na shule ikitaka inaweka kiwango cha juu zaidi. Alama peke yake hazitoshi. Wanaangalia pia huduma kwa jamii, uongozi na tabia. Mtoto anajaza taarifa zake, kisha kamati ya walimu watano inapiga kura, mkuu wa shule hapigi. Sisi wazazi tunahangaika kwa sababu jina hilo linapendeza kwenye maombi ya chuo kikuu.

Juzi shoga yangu mmoja alikuja na mwanawe wa darasa la 11. Fomu imeshajazwa, kalamu moja, mwandiko wa mama: saa 40 za kugawa chakula, na pale pa uongozi, "Mratibu wa Vijana". Pamebaki pa msimamizi tu: jina, simu, saini. Kijana mwenyewe nimewahi kumwona zamuni, akibeba maboksi ya maziwa bila kulalamika. Lakini mratibu wa vijana? Cheo hicho hatuna.

"Nisainie shoga, makaratasi tu hayo. Nani atapiga simu, Marekani hii kila mtu na lake?"

Simshangai. Tumekulia kwenye barua za utambulisho: unakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, anaandika kuwa anakufahamu vyema, anagonga muhuri, na huenda ndiyo kwanza mmeonana asubuhi hiyo. Tena barua ile haimdhuru mtu. Hii ya kwetu huku inaombwa na chama ambacho tabia ni sharti lake mojawapo, na mwanachama akifukuzwa hapokelewi tena. Mwalimu akinipigia, nimwambie nini? Nimdanganye kwa jina langu, halafu Jumamosi niwafundishe watoto wake adabu?

Nikamuuliza kijana: "Jumamosi ambazo huji kwetu unakuwa wapi?"

Kumbe yuko kwa familia za Wakongo waliohamia jengo lao. Anawasomea barua za shule, anawajazia fomu, anakaa na simu sikioni akisikiliza muziki wa kampuni ya umeme mpaka mtu apokee. Kiswahili chao cha Kivu na chake cha Tanga vinagongana kidogo, lakini wanaelewana.

"Sasa mbona hukuandika?"

"Hiyo si kitu, anti. Ni majirani tu."

Hapo ndipo nilipokasirika. Mtoto ana kazi ya maana kiasi hicho, na nyumbani kwao wamekaa wakitunga cheo!

Fomu nyingine ikachapishwa. Zamu za msikitini tulizihesabu kwenye daftari la mahudhurio, zikatoka saa 9, nikasaini. Familia mbili zikasaini za kwao. Baba mmoja aliiandika saini yake taratibu kama anachora, kisha akaomba aongeze mstari wa shukrani pembeni. Habari ya bibi, ambaye kijana humpeleka kliniki na kumtafsiria kwa daktari, ilituletea ubishi. Shule yao haihesabu kazi za ndugu kuwa kujitolea. Tukakubaliana aitaje kwenye maelezo yake ya majukumu ya nyumbani, bila kuipa saa. Uongozi ukabaki unahodha msaidizi wa timu ya mpira, ambao ni wa kweli na kocha wake yupo. Jumla haikufika hata nusu ya zile 40.

Mama yake amenuna, salamu zangu anazijibu kwa kidole gumba. Kura ya walimu bado.

Na ninyi mtakaonijia mwakani: daftari liko mezani, kando ya friji ya maziwa. Mtoto akimaliza zamu aandike jina na saa zake siku hiyo hiyo, nami nitasaini hapo hapo.