Mgono wa guku

Nina duka la steshenari Nyegezi. Kazi za wanafunzi huwa nachapa bila kuzisoma, mtu atasoma mangapi, lakini juzi printa ilikwama na jicho langu likatua kwenye picha ya mtego wa samaki. Nikasema moyoni, huu si mgono? Chini yake pameandikwa Australia.

Nikamwomba yule dada nakala. Kumbe kusini magharibi mwa jimbo la Victoria (malkia yuleyule ambaye Speke alilipa ziwa letu jina lake mwaka 1858) wenyeji wa jamii ya Gunditjmara walipanga mawe ya volkano yakawa mifereji na mabwawa ya kufugia mikunga wa maji baridi. Wamefanya hivyo kwa miaka isiyopungua 6,600. Mfereji unapobana, wanatega kikapu kirefu cha kusuka. Mahali penyewe panaitwa Budj Bim, na UNESCO ilipaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2019. Moto wa nyika uliofuata ukala nyasi, ikaonekana mifereji mingine iliyokuwa imefichika. Walowezi walikuwa wamelikausha ziwa lao, Condah, na maji yakarudishwa mwaka 2010.

Ziwa letu hakuna aliyelikausha. Lakini mgono wa mwisho niliouona Mwanza ulikuwa umening'inizwa kwenye baa, ndani yake wameweka balbu. Mdomo wameukata ili taa iingie vizuri.

Mdomo ndio mgono wenyewe! Guku wangu, yaani babu, alikuwa akiishi karibu na mto Simiyu unapoingia Ghuba ya Speke. Fito za ubavuni alituachia sisi watoto tufunge, tukikosea anacheka. Mdomo alisuka mwenyewe, kimya, ncha zote zikitazama ndani, ili samaki aingie akisukuma na akirudi zimchome. Masika ningu wakipanda mto kutaga, mgono mmoja ulitosha nyumba nzima na jirani. Ningu siku hizi ni adimu, nyavu za midomoni mwa mito ziliwamaliza.

Guku hayupo. Jumamosi nilikwenda Magu kwa baba mdogo, nikiwa na mwanangu.

"Unataka wa kuvulia au wa kupiga picha?" akaniuliza.

Nikamwambia wa kuvulia. Akanituma matete, akayakataa nusu kwa kuwa mabichi mno. Mdomo niliusuka mara tatu. Mara mbili za kwanza aliingiza mkono wake akautoa bila mkwaruzo, akaufumua wote bila kusema neno. Mara ya tatu ukamkwaruza. "Haya, katege."

Asubuhi tulikuta kaa mmoja na samaki wawili, gogogo. Mwanangu alimshika mmoja, gogogo akalia kama kawaida yao, mtoto akashtuka akamwachia majini.