Compton ya maskani na Compton yenyewe
Katika maskani za Michenzani, Unguja, kijana anayetaka kuonesha ubabe huvaa kofia ya timu ya Marekani na kuitaja Compton kana kwamba amezaliwa huko. Compton ni mji mdogo ulio kusini ya Los Angeles, ambao hadi miaka ya 1940 wakaazi wake walikuwa takriban wote Wazungu, kwa kuwa hati za nyumba zilikataza kuwauzia watu weusi, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua mwaka 1948 kwamba masharti hayo hayawezi kutekelezwa mahakamani. Baadaye Wazungu wakahama, viwanda vikafungwa, na magenge ya Crips na Bloods yakawapata vijana wasio na kazi. Ubabe huo, kwa maoni yangu, ulikuwa ni khofu zaidi kuliko ushujaa: mtoto aliangalia kwanza mitaa anayopita kwenda skuli, ndipo akaamua kama avae buluu, rangi ya Crips, au nyekundu, rangi ya Bloods. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mauaji yamepungua mno Compton, na wakaazi wengi sasa wana asili ya Amerika ya Kilatini, jambo ambalo hao wavaa kofia wetu hawalitaji hata kidogo.