Papai, sahani ya maji na mgeni wa saa nane usiku

Nilianza kuwavuta ndege bustanini ili niwapige picha kwa kosa ambalo leo linanichekesha, nalo ni wali uliobaki. Kiwanja chetu kiko Muhumba, hapa Bukavu, kwenye mteremko unaotazama ziwa la Kivu, nacho kina miparachichi miwili, mgomba mzee na ua wa hibiskusi alioupanda mke wangu mwaka tuliohamia. Kila alfajiri, kabla pikipiki hazijaanza kelele barabarani, bustani ilikuwa ikijaa ndege, nami nilikuwa na kamera iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, yenye lenzi ya milimita 300, ikilala kabatini bila kazi. Basi asubuhi moja nikamwaga bakuli la wali juu ya kibao, nikaketi barazani na kusubiri.

Walikuja kunguru. Walipoondoka wakaja kunguru wengine. Kufikia wiki ya pili panya walikuwa wakipita mchana kweupe chini ya kibao, na mwewe aliyezoea kuzunguka juu ya paa alimchukua kifaranga wa jirani mbele ya macho ya watoto. Picha nilizokuwa nazo zilikuwa za migongo ya kunguru.

Mjomba wangu, ambaye alifanya kazi miaka mingi Tshivanga, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, alipozitazama alicheka hadi akavua miwani. "Unawapa chakula cha jalalani," akaniambia, "halafu unashangaa wanaokuja ni wa jalalani?" Kisha akanieleza jinsi sokwe wa kule walivyozoeshwa kuona watu tangu miaka ya 1970: watu waliwafuata kila siku, taratibu na kwa subira, hadi wanyama wakaacha kuwakimbia. Ushauri wake kwangu ulikuwa kwamba niketi mahali pamoja, saa ileile, nikiwa nimevaa koti lilelile, na nisimfukuze ndege yeyote kwa kumsogelea.

Kitu cha kwanza nilichobadilisha kilikuwa maji, na kama ningelazimika kubaki na kitu kimoja tu, ningebaki nayo. Nilichukua sahani pana ya udongo, nikaweka jiwe la lava katikati, nikajaza maji yenye kina cha vidole viwili tu, kwa sababu ndege wadogo huogopa maji wasiyoweza kusimama ndani yake. Niliiweka hatua tatu kutoka kwenye hibiskusi: karibu kiasi cha ndege kukimbilia matawini akishtuka, mbali kiasi cha paka kukosa mahali pa kujificha. Kila asubuhi namwaga maji ya jana na kusugua sahani kwa brashi bila sabuni, maana mahali wanapokutana ndege wengi ndipo wanapoambukizana magonjwa. Kuanzia Juni hadi Agosti, mvua inapokatika na vumbi kufunika majani, sahani ile hupata wageni wengi kuliko chakula chochote nilichowahi kutoa. Kurumbiza, ambaye kwa kawaida unamsikia tu akiimba kutoka kichakani, hutoka mwenyewe saa kumi na moja jioni, akasimama juu ya jiwe, akatazama kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuvuka barabara, kisha akajitumbukiza na kupiga mabawa mpaka matone yanafika barazani.

Wali niliuacha kabisa. Badala yake nikapigilia msumari kwenye tawi la mparachichi, na kila asubuhi ninachomeka nusu ya papai lililoiva, ambalo nalitoa ifikapo adhuhuri lisichachuke wala kubaki kwa ajili ya panya. Shore hufika kwanza. Baada yao huja pasa, wale ndege wa kijivu wenye mikia mirefu wanaotambaa matawini kama panya, na hawa ndio niliowapenda kuliko wote. Asubuhi za baridi huning'inia wakiwa wamesongamana, matumbo yakielekea jua, manyoya yamefunguka hata ngozi inaonekana. Wanapasha joto tumbo lenye majani na matunda ili chakula kisagike. Nimepiga picha yao zaidi ya mia mbili wakiwa katika hali hiyo, na mke wangu anasema zote ni moja.

Hata hivyo, pasa hawatofautishi papai langu na mboga za mtu. Siku moja jirani alinisimamisha kwenye uzio. "Papa," akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali, "hawa watoto wako wenye mikia wamemaliza lengalenga zangu." Alikuwa na haki. Nilihamisha msumari upande wa pili wa nyumba, nikapunguza papai hadi robo, nikamnunulia wavu wenye matundu madogo tukauvuta vizuri juu ya mboga, kwa sababu wavu uliolegea hunasa ndege miguu.

Kwa chozi, ndege wadogo wenye midomo myembamba iliyopinda, nilijaribu maji ya sukari kwa kipimo cha sukari moja na maji manne. Yalivuta nyuki, na kwa joto la mchana yalichacha baada ya siku mbili. Nikaacha, nikaongeza maua: hibiskusi nyingine, shubiri kando ya ngazi, na ua la mgomba ambalo zamani nililikata mapema sasa ninaliacha lining'inie. Jambo lililonigharimu zaidi ni kuacha dawa ya wadudu. Chozi mkubwa hunywa asali ya maua, lakini makinda wake hulishwa wadudu na buibui, kwa hiyo niliponyunyiza dawa nilikuwa nikiwanyima watoto chakula huku nikimwalika mama.

Kuhusu picha zenyewe, niliingia ndani. Napigia dirishani, lenzi ikiwa imepita kati ya vyuma, na pazia zito limefungwa kwa pini kuizunguka. Mwanga mzuri ni kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi. Baadaye jua linakuwa juu na uso wa ndege unaingia kivulini. Naweka kamera ifunguke na kufunga kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa chozi haraka hata zaidi, na nalenga jicho, kwani picha yenye jicho lililofifia haitazamiki hata manyoya yawe safi namna gani.

Wanyama wa miguu minne siwalishi. Mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza dharura ya mpox na jimbo letu la Kivu Kusini likawa linatajwa kila siku redioni, tulikubaliana nyumbani kwamba hakuna atakayemshika kindi wala panya, akiwa hai au amekufa. Ni kweli kwamba hapa ugonjwa ulienea hasa kati ya mtu na mtu, lakini virusi vyake hupatikana pia kwa kindi na panya, na watoto wangu hawana kinachowazuia kuokota kitu.

Lakini yupo mmoja aliyekuja bila kualikwa. Mjomba aliniazima kamera ndogo ya kufunga mtini, inayojipiga yenyewe ikihisi joto la mnyama, nami nikaifunga kuelekea palipokuwa kibao cha wali, kwa sababu usiku tulisikia vishindo. Usiku wa tatu, saa nane na dakika chache, ilinasa kanu: mwili mrefu wenye madoa, mkia wenye pete nyeusi, macho mawili yanayong'aa kama taa za baiskeli, na mdomoni panya mnene, bila shaka mmoja wa wale niliowanenepesha mwenyewe. Nilimpelekea jirani picha ile asubuhi. Aliitazama kwa muda, akauliza kama kanu hula kuku, nikamwambia kwamba hula, na kabla ya jioni tulikuwa wote wawili tukipigilia waya kwenye mlango wa banda lake.