Siku moja kitaluni kwangu: miche ya pasheni ya kubebesha

Saa 11 na nusu alfajiri huku Tengeru, Arusha, baridi bado kali, mi nishaingia chini ya pasheni mama nakata vikonyo, vile vipande vya tawi ninavyobebesha, yaani kuvipachika kwenye shina la mche mwingine. Hii kazi lazima iwahiwe kabla jua halijatoka maana kikonyo kikinyauka hakishiki tena. Natafuta vilivyokomaa kiasi, unene wa penseli, visivyo na maua, natoa majani nafunga kwenye kitambaa kilicholowa. Na mmea wenye majani yaliyojikunja yenye mabaka ya njano sikati hata kimoja, ile ni virusi, vidukari wanavibeba na kisu pia kinavibeba, ukija kuvuna tunda gumu, ganda nene, juisi hamna.

Saa 1 chai na kumwagilia.

Saa 2 naanza kubebesha. Pasheni ya zambarau ndo tamu na ndo inapenda baridi yetu, ila mizizi yake ikikutana na mnyauko wa fuzari, ule ugonjwa wa ukungu wa udongoni, au minyoo fundo wanaovimbisha mizizi, imekwisha, unaona mti umejaa matunda ghafla unanyauka wote. Ya njano, ile ya ukanda wa joto, mizizi yake inavumilia. Kwa hiyo naotesha mbegu za njano kwenye viriba, nasubiri miezi mpaka shina lifikie unene, nakata kichwa, napasua katikati, nachonga kikonyo cha zambarau pande mbili nakichomeka, ganda liguse ganda, nafunga nailoni, juu navisha kifuko cha plastiki, vile vya kugandishia barafu, ili unyevu usitoke. Wembe nafuta kwa spiriti kila mche. Kila mche jamani, sio kila mstari.

Sasa kuna mzee aliweka oda, tumekubaliana saa 3. Saa 3 hayupo, saa 5 anasema yuko njiani, katokea saa 7 jua la utosi na pikapu wazi haina hata turubai. Shikamoo baba, marahaba binti, haya miche iko wapi. Namwonyesha, anauliza bei, namwambia 2,500, akashtuka utadhani hatukuongea kwenye simu. "Mche 2,500? Si ningenunua pasheni sokoni nikapanda mbegu?" Nikamweleza ya mizizi, ya mnyauko, ya miezi ninayoihudumia, anaitikia ee, ee, halafu anarudi palepale, mche ni mche tu binti. Nageuka kumletea mtu mwingine kiriba, nikirudi nakuta kavua kifuko kwenye miche niliyobebesha juzi, eti anataka kuona kama imeshika, na mmoja kaushika juu kaunyanyua kikonyo kikachomoka mkononi. Niliumia sana. Pale kuna mbegu niliyoiotesha, kikonyo nilichokifuata na umande, na wiki tatu za kusubiri ambazo hazijafika hata nusu. Nikamwambia baba naomba usiguse hii, hii bado ina kidonda. Akanyamaza. Tukaanza upya taratibu, nikampeleka kwa ile iliyokwisha pona, nikamwonyesha kiungo kilivyojifunga, akapunguziwa kidogo akachukua nusu ya oda. Turubai nikamwazima la kwangu, siwezi kuacha miche isafiri na jua lile.

Kula nimekula sijui saa ngapi. Mgongo unauma, vidole vinanata utomvu na spiriti imekausha ngozi mpaka inapasuka, bado kuna viriba vya kujaza udongo na samadi na nimevisha vifuko upya ile miche aliyoivua mzee ingawa sina uhakika nayo. Jirani akipita anasema mama leo umeshinda nyumbani unapumzika eeh.

Jioni giza limeingia, naosha wembe, simu inaita, ni yule mzee. Ameshapanda mitano, anauliza hivi hapa penye nailoni ndo nafukia? Nikamwambia hapana baba, fukua sasa hivi, kiungo kikae juu ya udongo zaidi ya shubiri moja, kikifukiwa zambarau inatoa mizizi yake yenyewe na mnyauko unaingilia hapo hapo. Na chipukizi lolote likitoka chini ya kiungo ling'oe, hilo ni la njano. Sikukata simu, nikamsikia anafukua mmoja mmoja na kijana wake anamulika tochi, mpaka wa tano. Akasema kesho anarudisha turubai na kuchukua ile nusu iliyobaki.