Desemba tuliyocheza Koral

Desemba 2019 mvua ilinyesha Kisumu hadi tukakoma kuuliza itaisha lini. Binamu yangu alikuwa amekuja likizo kutoka Nairobi na mashine yake ya gemu, Nintendo Switch, na kwa kuwa kutoka nje hakukuwezekana, akaiunganisha kwenye televisheni ya sebuleni. Nilitarajia mpira au mbio za magari, zile gemu tulizokuwa tukilipia kule Kondele. Akaweka Koral, mchezo wa chini ya bahari.

Kwenye skrini hakukuwa na mtu. Sikuona mpiga mbizi, mashua wala adui wa kupigana naye. Niliposhika kidhibiti ndipo nikang'amua kwamba mimi ndiye mkondo wa maji wenyewe. Nikisogeza kijiti taratibu, mwanga unapinda nami, nikiuachia unatulia. Nimekulia kando ya Ziwa Victoria, na pale ufukweni kwetu ukizamisha mkono hadi kiwiko, vidole huvioni tena. Sikuwa nimewahi kuyaona maji kwa ndani namna ile. Nilizunguka tu muda mrefu bila kutatua chochote, na binamu, Mungu ambariki, hakunihimiza.

Fumbo lenyewe ni kuchota nguvu kwenye matumbawe yaliyo hai na kuipeleka kwa yaliyokufa, nayo yanarudiwa na rangi. Zipo sehemu ukipita unapokonywa ulichobeba, kwa hiyo lazima utafute njia nyingine. Mara kadhaa nilipotea nisijue pa kwenda. Hapo naona mchezo ungetuonyesha njia vizuri zaidi. Lakini muziki ule mpole ulinifanya nisione uchungu wa kurudia. Aliyeutengeneza mchezo ni Carlos Coronado, Mhispania, na kazi kubwa aliifanya peke yake. Nilipoambiwa hivyo nilimheshimu zaidi.

Mama alirudi kutoka Dunga na samaki wake, akasimama mlangoni leso ikimdondoka maji.

"Hapo ni Mombasa?"

"Ni bahari tu, Aunti," binamu akajibu.

Nikamweleza yale ambayo mchezo hukufundisha kidogo kidogo unapoendelea: kwamba matumbawe ni wanyama, na ndani yao huishi mwani wadogo mno wanaowalisha kwa nguvu ya jua. Bahari ikizidi joto, mwani hao hutolewa na matumbawe hubaki meupe. Pwani yetu iliyaona hayo mwaka 1998.

Mama aliketi, samaki bado mkononi. "Basi ni kama gugumaji," akasema. "Likifunika ziwa, mwanga haushuki, samaki wanakosa pumzi. Na mtu akiwa barabarani anaona kijani, anadhani ni uzima."

Binamu akaacha kucheka na simu yake. Mimi nikaendelea kusukuma mkondo mbele, nikidhani pale tumemaliza.

"Wewe, rudi kule kona ya kushoto," Mama akasema. "Lile moja hujalirudishia rangi."